Utambuzi wa Mafaili ya Maktaba za Mfumo na Vifurushi vya Programu kwa Njia ya Heshi

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi faili la maktaba ya mfumo linavyoweza kuhusishwa na kifurushi cha programu kilicholileta, kwa kulinganisha heshi yake na heshi zilizohifadhiwa katika rejista. Mifano imechukuliwa hasa kutoka mfumo endeshi wa Debian, pamoja na matukio mawili yanayofahamika: kasoro ya Heartbleed ya mwaka 2014 na mlango wa nyuma uliofichwa katika programu ya xz mwaka 2024. Hoja inayojengwa ni kwamba heshi hutoa jibu thabiti kwa swali moja tu, yaani ni faili lipi, na kwamba uzito wa jibu hilo hutegemea zaidi rejista iliyotumika kuliko algoriti iliyoikokotoa.

Istilahi muhimu: heshi, maktaba ya mfumo, kifurushi, rejista, kitambulisho cha uundaji.

1. Kutotosha kwa jina na namba ya toleo

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya maktaba ya OpenSSL iliyopewa namba CVE-2014-0160, na ambayo hufahamika zaidi kwa jina la Heartbleed. Kasoro hiyo ilimwezesha mtu aliye mbali kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja, na katika vipande hivyo ziliweza kupatikana nywila na hata funguo za siri za seva yenyewe. Taarifa ilieleza kwamba matoleo yenye kasoro ni 1.0.1 hadi 1.0.1f, na kwamba 1.0.1g limerekebishwa. Msimamizi wa seva aliyeisoma alikuwa na jambo la kwanza la kufanya: kuiuliza maktaba yake ni ya toleo gani.

Kwa waliotumia Debian 7, jibu lilipotosha. Waandaaji wa vifurushi vya Debian hawakuleta 1.0.1g. Walichukua marekebisho peke yake, wakayaingiza katika 1.0.1e iliyokuwa ikitumika tayari, kisha wakatoa kifurushi chenye namba 1.0.1e-2+deb7u5. Maktaba iliyokwisha kurekebishwa iliendelea kujitaja kuwa ni 1.0.1e, sawasawa na ile mbovu iliyoitangulia. Jina la faili, libssl.so.1.0.0, nalo halikubadilika. Palikuwa na mafaili mawili yenye jina moja, yaliyokaa mahali pamoja na kutaja namba moja ya toleo, moja likivujisha siri na jingine likizihifadhi. Aliyetegemea namba ya toleo aliweza kuhangaika bure na seva iliyo salama.

Kosa la kinyume chake lina madhara makubwa zaidi. Tarehe 3 Oktoba 2023 ilitangazwa kasoro CVE-2023-4911 katika maktaba ya glibc, ambayo ndiyo maktaba kuu ya lugha ya C katika mifumo mingi ya Linux. Kwa waundaji wa asili, kasoro hiyo iliingia katika toleo la 2.34. Debian 11 ilikuwa ikitumia 2.31, na kwa hesabu ya namba ingedhaniwa kuwa imesalimika kwa kuwa ilitangulia. Haikuwa hivyo: ilihitaji marekebisho yaliyotolewa katika 2.31-13+deb11u7, huku Debian 12 ikipata yake katika 2.36-9+deb12u3. Namba inayotazamwa hapa ni sehemu ya mwisho, ile iliyoongezwa na waandaaji wa vifurushi, nayo haimo katika jina la faili.

Ubuntu 20.04 nayo ilikuja na glibc 2.31. Katika mifumo yote miwili faili liliitwa libc-2.31.so, lakini ni mafaili mawili tofauti yaliyoundwa na watu tofauti na kutunzwa kwa ratiba tofauti. Tangu toleo la 2.34 la Agosti 2021, hata dokezo hilo la jina limeondoka, kwani glibc haisakinishi tena faili lenye namba ya toleo katika jina lake. Lililobaki ni libc.so.6, jina ambalo ni lilelile kwa kila toleo. Ndipo inapohitajika njia ya utambuzi isiyotegemea kile ambacho faili linasema kuhusu lenyewe.

2. Dhana ya heshi

Heshi ni thamani yenye urefu maalumu inayokokotolewa kutokana na baiti zote za faili. Algoriti ya SHA-256 hutoa biti 256, ambazo kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu 64 za mfumo wa kumi na sita. SHA-1 huandikwa kwa tarakimu 40 na MD5 kwa 32. Urefu huo wenyewe ni msaada kwa mtafiti anayekuta heshi imeandikwa bila kutajwa aina yake. Biti moja tu ya faili ikibadilika, takriban nusu ya biti za heshi hubadilika pia, na haiwezekani kutabiri ni zipi bila kukokotoa upya.

Dhana hii mara nyingi huelezwa kwa tamathali ya alama ya vidole. Tamathali hiyo inasaidia, ila ina upungufu ambao umewapotosha wengi. Alama ya kidole humtambulisha mtu yuleyule hata akizeeka, akikonda au akibadili mavazi. Heshi haivumilii badiliko lolote. Maktaba iliyoundwa mara mbili kutokana na msimbo chanzo uleule inaweza kuwa na heshi mbili tofauti kwa sababu tu tarehe ya uundaji au njia ya folda iliandikwa ndani yake. Heshi haitambui asili wala ukoo wa programu. Inatambua mfuatano mmoja wa baiti na hakuna zaidi.

Kuhusu uimara wa algoriti, MD5 iliundwa na Ronald Rivest mwaka 1991, na mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha kwamba inawezekana kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye heshi moja. SHA-1 ilifikwa na hali hiyohiyo Februari 2017, pale watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na wa Google walipotoa nyaraka mbili tofauti za PDF zenye heshi moja. Inafaa itofautishwe, hata hivyo, kati ya mashambulizi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Katika mgongano, mshambuliaji huyatengeneza mafaili yote mawili yeye mwenyewe. Katika shambulizi la pili, hupewa faili lililokwisha kuwapo na kutakiwa kutengeneza jingine lenye heshi ileile. La kwanza ni jepesi kwa MD5. La pili bado halijawezekana kivitendo, hata kwa MD5. Mtu aliyeiingilia seva na kutaka kubadilisha libc.so.6 iliyopo anakabiliwa na la pili. Kama itakavyoelezwa, hana haja ya kujisumbua nalo.

3. Kutoka faili hadi kifurushi ndani ya mashine

Katika mfumo wa Debian, kila kifurushi kilichosakinishwa huacha orodha zake katika folda ya /var/lib/dpkg/info. Orodha moja hutaja njia za mafaili yote yaliyoletwa na kifurushi. Nyingine, yenye jina linaloishia na md5sums, hutaja heshi ya MD5 ya kila faili. Kwa maktaba ya liblzma katika mashine ya biti 64 ya jamii ya Intel, orodha hiyo huitwa liblzma5:amd64.md5sums. Utambuzi huanza kwa kuuliza njia ya faili ni ya kifurushi kipi, kwa amri ya dpkg -S, kisha hukokotolewa heshi ya faili na kulinganishwa na mstari wake katika orodha. Amri ya dpkg -V hulifanya zoezi hilo kwa mafaili yote ya kifurushi kwa mara moja.

Maelezo hayo ni mepesi kuliko kazi yenyewe, na makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kwamba majina mengi ya maktaba katika Linux si mafaili bali ni vielekezi. Katika Debian 12, liblzma.so.5 huelekeza tu kwenye liblzma.so.5.4.1, na kielekezi hakina heshi katika orodha. Anayeandika ripoti hana budi kutaja jina la faili halisi, kwa sababu mshambuliaji anaweza kuliacha faili halisi bila kuligusa na kukigeuza kielekezi kiangalie kwingine. Ukaguzi wa heshi peke yake utapita bila kuligundua hilo.

La pili limewapotezea watu muda mwingi. Katika Debian 12, folda ya /lib yenyewe ni kielekezi cha /usr/lib. Programu inayofuata vielekezi hadi mwisho itasema kwamba faili liko /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6, lakini rejista ya dpkg imeliandika chini ya /lib. Ikiulizwa kwa njia ile ndefu, hujibu kwamba hakuna kifurushi chenye faili hilo. Mtafiti asiyeufahamu mpangilio huu anaweza kuandika kwamba maktaba kuu ya mfumo mzima haina mwenyewe, na msomaji wa ripoti akadhani pameingizwa faili geni.

Mifumo mingine huhifadhi habari hizihizi kwa namna yake. RPM, inayotumiwa na Fedora na Red Hat, huweka heshi za mafaili katika hifadhidata yake pamoja na ukubwa, ruhusa na mmiliki wa kila faili, na amri ya rpm -V hulinganisha yote hayo. Alpine, ambayo hukutwa mara kwa mara ndani ya makontena, huandika SHA-1 kwa mfumo wa base64 ikitanguliwa na herufi Q1. Anayetafuta tarakimu 40 za mfumo wa kumi na sita katika rejista ya Alpine hatazipata hata kama heshi anayoitafuta imo.

4. Rejista iliyo nje ya mashine

Rejista inayokaa katika mashine inayochunguzwa ni shahidi anayeishi nyumba moja na mtuhumiwa. Mtu aliyepata mamlaka ya kubadilisha libc.so.6 anayo pia mamlaka ya kuubadilisha mstari wake katika faili la md5sums, na kazi hiyo haihitaji hesabu yoyote. Hii ndiyo sababu mjadala kuhusu udhaifu wa MD5 katika orodha za dpkg, ingawa una msingi, hukosa shabaha. Hata orodha hizo zingekuwa za SHA-256, aliye na uwezo wa kuandika ndani ya folda hiyo angeandika heshi mpya na ukaguzi ungepita. Orodha hizo zinafaa kugundua diski inayoharibika na mikono iliyokosea. Hazifai kuwa ushahidi dhidi ya mvamizi, na programu zilizo ndani ya mashine hiyohiyo, ikiwemo ile inayokokotoa heshi, nazo hutegemea libc inayoshukiwa. Kwa hiyo diski husomwa kutoka mashine nyingine.

Rejista inayoaminika hupatikana kwenye hazina ya vifurushi. Debian hutia saini ya kidijitali katika faili liitwalo Release. Faili hilo lina heshi za SHA-256 za orodha za vifurushi. Kila orodha ina heshi ya SHA-256 ya kila kifurushi. Na ndani ya kifurushi ndimo yalimo mafaili yenyewe. Mnyororo huo una pete nne, na ni muhimu kutambua kwamba hakuna pete inayotia saini faili mojamoja la maktaba. Mtafiti huchukua kifurushi, huhakiki heshi yake hadi kwenye saini, hukifungua, kisha hukokotoa mwenyewe SHA-256 ya libc.so.6 iliyomo. Hapo ndipo anapokuwa na kipimo cha kulinganishia faili lililotoka kwenye diski.

Ugumu hutokea pale faili linapokuwa halina jina, kwa mfano limeokolewa kutoka diski iliyofutwa, au linapotoka kwenye mashine ambayo mfumo wake haujulikani. Safari hapo huanzia mwisho: ipo heshi, kinachotafutwa ni kifurushi. Huhitajika jedwali la heshi za mafaili ya matoleo yote ya kifurushi kinachodhaniwa, kwa kila mfumo na kila aina ya kichakataji, kwa kuwa libc6 ya amd64 na ile ya arm64 hazina baiti zinazofanana hata kama namba ya kifurushi ni moja. Hazina za kawaida huondoa vifurushi vya zamani kila vipya vinapotolewa. Kwa Debian, upungufu huo huzibwa na snapshot.debian.org, ambako matoleo yaliyopita hutunzwa kwa tarehe. Bila hifadhi ya namna hiyo, heshi ya maktaba ya miaka kumi iliyopita ni tarakimu tu.

Jedwali likikamilika, uhusiano kati ya heshi na kifurushi huonekana kuwa si wa moja kwa moja. Faili moja huweza kuwamo katika vifurushi vingi. Mfano uliokithiri ni faili tupu: SHA-256 yake daima huanza na e3b0c442, na hukutwa katika vifurushi visivyohesabika. Hata kwa maktaba halisi, kifurushi kinaweza kutolewa upya huku baadhi ya mafaili yake yakibaki kama yalivyokuwa. Kauli iliyo sahihi katika hali hiyo ni kwamba faili linapatana na matoleo kadhaa, na matoleo hayo yatajwe. Kuchagua moja kwa sababu ni la karibuni ni kuongeza kitu ambacho heshi haikusema.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hutunza rejista pana ya aina hii iitwayo National Software Reference Library, inayotumiwa na wachunguzi kuondoa mafaili yanayofahamika ili wabaki na machache ya kuchunguza. NIST yenyewe hutahadharisha kwamba mafaili yaliyomo ni yanayojulikana, si lazima yawe mema. Zimo hata zana za udukuzi. Tahadhari hiyo husomwa na wachache kuliko wanaoitumia rejista.

5. Kisa cha xz: heshi sahihi, faili baya

Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi anayejulikana kwa kazi yake katika PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yana mlango wa nyuma. Alikuwa akifanya vipimo kwenye Debian isiyo thabiti, akaona kwamba kuingia kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kutumia nguvu ya kichakataji kupita kiasi. Alifuatilia hadi akafika kwenye liblzma. Maktaba hiyo ya kubana mafaili haina uhusiano wa asili na SSH, ila wakati huo katika Debian na mifumo kadhaa mingine sshd ilikuwa ikiunganishwa na libsystemd, nayo libsystemd ilikuwa ikiivuta liblzma. Kwa mlango huo, mwenye ufunguo maalumu wa siri angeweza kuendesha amri katika seva bila kuwa na akaunti.

Msimbo mbaya haukuwa wazi katika hazina ya Git. Sehemu yake ilifichwa ndani ya mafaili mawili ya majaribio yaliyoonekana kuwa data iliyobanwa, na hatua ya kuuamsha iliwekwa katika faili la build-to-host.m4 lililobadilishwa, ambalo lilikuwamo tu katika furushi la msimbo chanzo lililotolewa kwa waandaaji. Furushi hilo lilitolewa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa muda mrefu alikuwa amejenga imani hadi kuwa mtunzaji wa mradi.

Endapo siku moja kabla ya tangazo hilo mtafiti angeichukua liblzma ya mashine ya Freund na kuipitisha katika hatua zote zilizoelezwa hapo juu, kila kitu kingekubaliana. Heshi ya faili ingelingana na rejista ya ndani, kifurushi kingelingana na orodha ya hazina, na saini ingekuwa halali. Hapakuhitajika mgongano wa MD5 wala kughushi rejista. Faili baya lilikuwa ndilo faili rasmi. Utambuzi kwa heshi haukushindwa hapo. Uliulizwa swali lisilo lake.

Baada ya tangazo, namba za toleo zilirudia kuwa kikwazo. Kwa kuwa mfumo wa vifurushi haukubali kwa kawaida kushuka kutoka namba kubwa kwenda ndogo, Debian ilirudi kwenye msimbo wa zamani kwa kutoa kifurushi kilichopewa namba 5.6.1+really5.4.5-1. Msomaji wa haraka, au programu ya ukaguzi iliyoandikwa kwa haraka, huona 5.6.1 na kupiga kengele, ilhali kilichomo ni 5.4.5. Kwa upande mwingine, hatua ya kuamsha mlango huo ilikagua kwanza kama uundaji unafanyika kwenye Linux ya x86-64 na kama unatengeneza kifurushi cha deb au rpm. Maktaba ya 5.6.1 iliyoundwa nje ya masharti hayo ilikuwa na namba ya hatari bila kuwa na hatari yenyewe.

Heshi ya faili zima nayo haikutosha kama chombo cha msako. Kila mfumo uliounda 5.6.1 ulipata faili lenye baiti zake, hivyo orodha ya heshi mbaya ya Debian isingetambua ile ya Fedora. Ndiyo sababu hati fupi ya ukaguzi iliyoambatishwa na tangazo haikulinganisha heshi. Ilitafuta mfuatano maalumu wa baiti za msimbo huo ndani ya maktaba. Kwa wenye kutunza jedwali la heshi kwa kila kifurushi, hata hivyo, tangazo lilipotoka kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika chache: kuuliza ni mashine zipi zimewahi kuwa na mafaili ya vifurushi vilivyotajwa. Heshi haikumfichua mwovu, ila baada ya kufichuliwa iliwezesha kuonyesha alikopita.

Juhudi za uundaji unaorudiwa, ambazo Debian ilianza kuzishughulikia kwa utaratibu mwaka 2013, hulenga kuufanya msimbo chanzo mmoja utoe faili lenye heshi ileile popote linapoundwa, kwa kuondoa tarehe na njia za folda zinazotofautiana. Hilo huunganisha heshi na msimbo chanzo, jambo ambalo rejista ya vifurushi haiwezi kulifanya. Kwa kisa cha xz lisingetosha, kwa kuwa furushi lililochafuliwa lingeundwa upya na kutoa uchafu uleule kwa uaminifu kamili. Lingehitajika pia kulinganisha furushi na hazina ya Git.

6. Faili lililo kwenye diski na maktaba iliyo kwenye kumbukumbu

Suala jingine huonekana dogo hadi linapomkuta mtu. Wakati wa Heartbleed, wasimamizi wengi waliweka kifurushi kipya, wakahakiki heshi, wakaridhika. Mchakato wa seva uliokuwa ukiendeshwa tangu kabla ya hapo uliendelea kutumia maktaba ya zamani, kwa sababu Linux huruhusu faili kuondolewa kwenye folda huku mchakato ulioifungua ukiendelea kuishikilia. Diski ilikuwa na faili zuri. Kumbukumbu ilikuwa na lile baya. Orodha ya /proc ya mchakato, katika faili la maps, huonyesha jambo hilo kwa kulitia faili alama ya kwamba limekwisha kufutwa, na ukaguzi wowote wa heshi usiotazama hapo haujakamilika.

Heshi ya faili zima haiwezi kukokotolewa kutoka kumbukumbu, kwani sehemu fulani za faili hazipakiwi na nyingine hubadilishwa wakati wa kupakiwa. Hapo hutumika kitambulisho cha uundaji, ambacho huandikwa ndani ya maktaba katika sehemu iitwayo .note.gnu.build-id. Kwa kawaida ni biti 160 zinazokokotolewa na programu ya kuunganisha mara tu faili linapoundwa, nacho hubaki kilevile hata faili likiondolewa taarifa za utatuzi. Kwa kuwa kimo katika sehemu inayopakiwa, huweza kusomwa kutoka mchakato ulio hai au kutoka nakala ya kumbukumbu iliyoachwa na programu iliyoanguka. Seva za debuginfod, zilizoanza na elfutils mwaka 2019, hutafuta taarifa za maktaba kwa kitambulisho hicho.

Kitambulisho cha uundaji hakipaswi kupewa hadhi ya heshi ya faili, ingawa maandishi mengi huvichanganya. Baada ya kuandikwa, hakihusiani tena na baiti zinazokizunguka. Anayebadilisha maktaba anaweza kukiacha kama kilivyo, na anayeunda maktaba anaweza kuiamuru programu ya kuunganisha iandike thamani yoyote anayoitaka. Ni lebo iliyoshonwa kwenye vazi, na husomwa kwa tahadhari ileile inayostahili namba ya toleo.

Katika mifumo mingine hata faili la kuhesabiwa halipo. Tangu macOS 11 ya mwaka 2020, maktaba nyingi za mfumo hazikai kwenye diski kama mafaili mojamoja bali hukusanywa katika hifadhi moja kubwa ya pamoja. Hapo kinachotambuliwa kwa heshi ni toleo zima la mfumo endeshi.

7. Kuandika matokeo, na faili lisilolingana

Kwa mchunguzi ambaye ripoti yake itafika mahakamani, namna ya kuandika matokeo ina uzito. Nchini Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaelekeza kwamba katika kupima ushahidi wa kielektroniki itazamwe jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Kauli kwamba faili ni libc halali haijibu masharti hayo. Kauli inayojibu ni ile inayosema kwamba faili lililosomwa kutoka diski fulani, lenye ukubwa fulani na SHA-256 fulani, linafanana baiti kwa baiti na faili lenye njia fulani ndani ya kifurushi chenye jina, namba kamili na aina ya kichakataji, kilichochukuliwa kutoka hazina fulani tarehe fulani, na ambacho saini yake ilihakikiwa kwa ufunguo uliotajwa.

Faili lisipolingana na rejista yoyote, neno lililo salama ni kwamba halijatambuliwa. Sababu zisizo za uovu ni nyingi. Msimamizi anaweza kuwa ameiunda maktaba mwenyewe. Rejista inaweza kukosa toleo husika. Katika Red Hat Enterprise Linux 5 na 6, programu ya prelink iliyoendeshwa mara kwa mara bila msimamizi kuiagiza ilibadilisha baiti za maktaba zilizosakinishwa ili zipakiwe haraka, kiasi kwamba mashine mbili zenye kifurushi kimoja zilikuwa na heshi tofauti kwa karibu kila maktaba. Ilibidi kutumia amri ya prelink -y ili kupata faili la asili kabla ya kulinganisha, na rpm -V ilifanya hivyo yenyewe. Mchunguzi wa diski ya zamani ya mfumo huo anayekokotoa heshi moja kwa moja atakuta karibu mfumo mzima haulingani na rejista. Kabla ya kutangaza kwamba mashine imevamiwa, atazame kama faili la /etc/prelink.cache lipo.